Fizi zinatoka damu upande mmoja, na gego limeanza kucheza. Ning'oe?

Mwalimu Zamu

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada kwa wenye uelewa wa meno, hasa waliowahi kupitia hili.

Nina miaka arobaini na kitu, sivuti sigara. Tangu mwaka jana nikipiga mswaki naona damu kwenye povu. Mwanzoni ilikuwa michirizi tu, nikaidharau. Sasa ni damu kweli, na inatoka zaidi sehemu moja: chini, kushoto, katikati ya magego mawili ya nyuma. Fizi ya hapo imekuwa nyekundu iliyokolea, imetuna, inang'aa. Asubuhi naamka na ladha ya chuma mdomoni. Na hivi karibuni, nikilisukuma gego la nyuma kwa ulimi nalisikia linasogea. Kidogo, lakini linasogea.

Kinachonichanganya ni kwamba haliumi. Lingekuwa linauma ningeshajua la kufanya.

Nilishapewa vidonge vya kuua bakteria, nikamaliza dozi, fizi ikanywea. Haikuchukua muda ikarudi vilevile. Nikaenda tena, aliyenihudumia akamulika kwa tochi, akalitikisa jino, akasema ling'olewe tu. Hakupima kitu wala kupiga picha. Nikaomba nikafikirie kwanza.

Mimi ni mwalimu, kutwa nawainamia watu kwenye madawati kuwaelekeza, na siku hizi najikuta naongea huku nimeziba mdomo na kiganja.

Maswali yangu: huu ndio ugonjwa wa fizi wenyewe? Jino lililoanza kucheza linaweza kukaza tena? Na pale panapotoka damu, niendelee kupiga mswaki au nipaache papumzike?

Chuma cha Pua

Mkuu usijisumbue. Maji ya uvuguvugu na chumvi, sukutua asubuhi na jioni. Panapotoka damu usipaguse na mswaki mpaka pakauke. Mimi ilinitokea, ikaisha yenyewe.

Dada Kinywa

Chuma cha Pua, na chumvi sina ugomvi. Inatuliza kidogo na haina madhara. Ila hilo la kutopagusa, ndugu yangu, nakuomba ulifute.

Kusafisha na kutibu fizi ndiyo kazi yangu, na sentensi ninayoisikia kuliko zote kwenye kile kiti ni hii: "Niliacha kupaswaki kwa sababu panatoka damu." Fizi yenye afya haitoki damu kwa mswaki laini. Inatoka kwa sababu imevimba, na imevimba kwa sababu ya ukoga ulioganda pembeni yake, ule utando laini wa bakteria unaoanza kujijenga upya saa chache tu baada ya kuswaki. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, waliwachukua watu 12 wenye fizi safi, wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa wameshavimba fizi. Wakarudishiwa usafi, fizi zikatulia kwa muda wa kama wiki moja. Kwa hiyo "kupaacha papumzike" ndiyo hasa njia iliyotumika kuutengeneza ugonjwa.

Sasa Mwalimu, nije kwako. Ugonjwa una hatua mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni fizi kuvimba tu. Hiyo inarudi nyuma yote, usipochelewa. Ya pili ni pale uvimbe unaposhuka chini na mwili wenyewe, katika kupambana na wale bakteria, unaanza kula nyuzi zinazoshikilia jino na mfupa wa taya unaolizunguka. Fizi inaachana na jino, panabaki mfuko. Kila mtu ana kijifereji pale fizi inapokutana na jino, kina chake milimita 1 hadi 3. Kikifika 4 au 5 na panatoka damu, tunaanza kukunja uso. Kikifika 6 na kuendelea, mswaki na uzi vyote haviwezi kufika chini kule, na bakteria wasiopenda hewa wanajinenepea. Ukoga unanyonya madini na kuwa ugaga, mgumu, mweusi, umeng'ang'ania mzizi. Hapo unaweza kuswaki mara tano kwa siku na usiuguse.

Kwa nini haliumi? Ni kwa sababu mfuko uko wazi juu. Usaha na majimaji vinapata njia ya kutoka, hakuna mgandamizo. Jino bovu lenye usaha uliofungiwa ndani litakulaza macho usiku kucha. Ugonjwa wa fizi unaweza kula nusu ya mfupa bila kukunyima usingizi. Watu wanakuja kwetu jino limeshaning'inia, wanaapa kwamba lilianza wiki iliyopita.

Vidonge navyo. Vilipunguza uvimbe kwa sababu vilipunguza bakteria, lakini ugaga ulibaki palepale, na kwenye ule utando bakteria wamejikinga wasifikiwe na dawa kirahisi. Dozi ikaisha, wakazaliana. Vidonge vina mahali pake, kama kuna jipu, homa, au ugonjwa ni mkali na vinatolewa pamoja na usafishaji. Vikitolewa peke yake, tena na tena, ni kupoteza dawa.

Jino kucheza si hukumu ya kung'olewa. Linaweza kucheza kwa sababu mfupa umeisha, au kwa sababu uvimbe umelegeza nyuzi, au linagongwa vibaya na la juu yake, au kiini chake kimekufa na kuna usaha kwenye ncha ya mzizi. Kila moja ina njia yake. Bila kupima mifuko na bila eksirei inayoonyesha mfupa umebaki kiasi gani, neno "ng'oa" limewahi mno.

Nina maswali mawili. Hayo magego, kuna lililozibwa? Halafu tafuta uzi wa meno, leo usiku upitishe taratibu katikati yao, ushuke mpaka chini ya fizi ukiukumbatisha kwenye ubavu wa jino moja kisha la pili. Damu itatoka, isikutishe. Njoo uniambie uzi umetokaje.

Mwalimu Zamu

Dada Kinywa, asante sana, hakuna aliyewahi kunieleza hivi.

Nimefanya jana usiku. Uzi uliingia kwa shida, halafu wakati wa kuutoa ukakwama, ukachanika, ukatoka na manyuzinyuzi. Nikajaribu kati ya meno mengine, unapita vizuri tu. Na harufu ya ule uzi wa pale nyuma... hata sitaki kuielezea. Meno mengine haukunuka.

Na ndiyo, gego la mbele kati ya hayo mawili lilizibwa zamani, ubavuni, upande uleule wa pengo linalotoka damu. Linalocheza ni la nyuma yake, ambalo halijawahi kuguswa. Je, inahusiana?

Dada Kinywa

Inahusiana sana, na ndiyo maana niliuliza. Ugonjwa wa fizi wa kawaida hupenda kujitawanya: chini mbele kwa ndani, magego ya juu kwa nje, kushoto na kulia. Ukiona sehemu moja imechaguliwa, mtafute aliyeichagua.

Jino linapozibwa ubavuni, ile dawa ya kuzibia huweza kuzidi kidogo ikachomoza nje ya ukuta wa jino, chini ya usawa wa fizi. Linakuwa kama baraza dogo ambalo ukoga unakaa chini yake, mswaki unapita juu. Uzi ukishuka unapita, ukipanda unanasa kwenye ukingo ule na kuchanika, kama ulivyosema. Fizi ya pale inakaa kwenye uchafu mchana na usiku, na ubavu wa jino la jirani unaumia pamoja nayo.

Siwezi kukuthibitishia kupitia maandishi, lakini eksirei ndogo ya magego itauonyesha ukingo huo wazi, na itaonyesha mfupa kati ya meno hayo umeshuka mpaka wapi. Kama ndivyo, usafishaji peke yake hautadumu. Ukingo unasawazishwa, au dawa ya zamani inatolewa jino lizibwe upya. Unapoenda, sema hivyohivyo: "Uzi unachanika hapa." Mtu wa meno akisikia hilo anajua pa kuangalia.

Babu Mkongojo

Wanangu, mnajichosha. Haya mambo ni ya kuzaliwa nayo. Mzee wangu hakuwa mtu wa mswaki na amezikwa na meno yake yote. Mimi naswaki kila siku nimebaki na ya kuhesabu. Na wanaosema sigara inaharibu fizi, mimi nimevuta tangu ujana, fizi zangu hazijawahi kutoa hata tone la damu.

Dada Kinywa

Shikamoo babu. Kuhusu kuzaliwa nayo, umegusa jambo la kweli, tena nakuletea ushahidi wa kukuunga mkono. Löe huyohuyo aliwafuatilia wafanyakazi wanaume 480 wa mashamba ya chai huko Sri Lanka, kuanzia 1970 hadi 1985. Hawakuwa na mswaki wala matibabu ya meno, na wote walikuwa na ukoga na fizi zilizovimba. Kama usafi ungekuwa kila kitu wangepoteza meno sawasawa. Haikuwa hivyo. Asilimia 8 ugonjwa uliwala mbio, asilimia 81 kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 haukwenda popote zaidi ya fizi kuvimba. Mzee wako, Mungu amrehemu, huenda alikuwa katika hao 11.

Tatizo ni kwamba hakuna anayejua yuko kundi gani mpaka mfupa uanze kuondoka. Na kwa hesabu hizo hizo, 89 kati ya 100 hawakuwa na bahati ya mzee.

Kuhusu sigara, babu, hapo ndipo naogopa. Moshi na nikotini vinabana mishipa midogo ya damu kwenye fizi na kuficha uvimbe. Fizi ya mvutaji inakuwa ngumu, imefifia rangi, haitoi damu, huku chini mfupa unaliwa haraka kuliko wa asiyevuta. Wengine wakiacha sigara ndiyo damu inaonekana, wanadhani kuacha ndiko kumewaletea ugonjwa. Hayo ya kuhesabu uliyobakiwa nayo, mwache mtu ayapime. Usiisubiri damu ikuambie.

Shangazi Tatu

Mwalimu, mimi niseme kama mgonjwa, maana wataalamu hawatakuambia inavyokuwa.

Nina kisukari. Sukari yangu ilikuwa inagoma kushuka, nameza dawa kama nilivyoelekezwa, haisogei. Daktari wa kisukari ndiye aliyeniuliza, "Fizi zako zikoje?" Nikaona ananizungusha. Kumbe sukari ikiwa juu fizi zinaharibika haraka na hazitaki kupona, na fizi zikiwa na uvimbe sukari nayo inakuwa ngumu kudhibiti. Kila upande unauharibu mwenzake.

Kupimwa kwenyewe: anapitisha kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, kila jino sehemu sita, na anamtajia mwenzake anayeandika. Umelala mdomo wazi unasikia "mbili, tatu, mbili, tatu, tatu, saba." Hiyo saba inakushtua. Nilianza kuogopa namba kuliko sindano.

Kusafisha walinipiga ganzi upande mmoja kwanza, upande wa pili siku nyingine. Kuna mashine ya mtetemo inayotoa maji, halafu vijembe vya mkono vya kukwangua mzizi chini ya fizi. Huumii, ila unasikia ule mkwaruzo ndani ya fuvu. Akanionyesha kipande kwenye pamba, kijiwe cheusi kimekaa mkunjo uleule wa jino langu. Nikawaza nimekuwa nikitembea na kitu hiki.

Sasa ambalo hawakunisisitizia: uvimbe ukiisha fizi inanywea. Meno yanaonekana marefu, kati ya ya mbele panatokea vipembetatu vya giza, na maji baridi yanachoma mpaka kisogoni. Nilitaka kurudi kugomba. Ule mchomo ukapungua baadaye kwa dawa ya meno ya wenye meno mepesi. Vipembetatu vimebaki, na ndimo ninamopitishia vibrashi vidogo vya katikati ya meno kila usiku. Kwangu ni vyepesi kuliko uzi, vidole vyangu havina ufundi huo.

Sukari ilishuka, si muujiza, lakini ilishuka. Na bado nabaki na mfuko mmoja wa milimita tano unaonikodolea macho kila nikienda kukaguliwa.

Dada Kinywa

Shangazi, umeeleza vizuri kuliko sisi. Niongeze tu kwamba ule urefu wa meno hausababishwi na usafishaji. Mfupa ulikuwa umeshashuka, uvimbe ulikuwa umelifunika hilo. Na vibrashi mtu achague unene unaojaza nafasi bila kulazimisha. Kwa waliokwisha kupata nafasi kati ya meno, vinafanya kazi kuliko uzi.

Mwalimu Zamu

Nimepata miadi mahali pengine, wana eksirei ya meno. Nimeanza mswaki laini na uzi kila usiku, damu imeanza kupungua, ila pale nyuma bado.

Ya mwisho, samahani kwa usumbufu. Mke wangu ni mjamzito na yeye fizi zimeanza kumtoka damu, je, nimemwambukiza? Na ile dawa kali ya kusukutua ya dukani, naweza kuitumia ili harufu iishe? Na gego langu, hukunijibu moja kwa moja: litakaza?

Dada Kinywa

Usumbufu gani, Mwalimu.

Nianze na gego maana umelidai. Likisafishwa na ukingo ule ukaondolewa, uvimbe ukatoka, meno mengi yanakaza kiasi. Mfupa uliokwisha kwenda kwa kawaida haurudi, kwa hiyo lengo ni kuzuia usiondoke mwingine. Kuna aina chache za pengo la mfupa ambazo upasuaji mdogo unaweza kujenga upya sehemu, inategemea umbo lake kwenye picha. Kuna meno yanayocheza kidogo na kukaa hivyohivyo miaka mingi, yanatafuna vizuri. Watakupima tena baada ya kama miezi mitatu. Hapo ndipo swali la kung'oa linastahili kuulizwa, na jibu wakati mwingine ni ndiyo. Baada ya hapo utarudi kila miezi mitatu au minne, si mara moja ukamaliza. Hapa ndipo wengi wananipotea: fizi zikinyamaza wanatoweka, nawaona tena mfuko umerudi.

Mkeo, hapana, usijibebeshe. Bakteria wa kinywani huhama kati ya watu wa nyumba moja, lakini kwa mjamzito homoni zinazifanya fizi zitaharuki hata kwa ukoga kidogo. Kusafishwa meno wakati wa ujauzito ni salama, aende tu na aseme kwamba ni mjamzito. Akiota kinyama chekundu kwenye fizi kinachotoka damu kikiguswa, asiogope, hutokea na mara nyingi hunywea baada ya kujifungua, ila kionwe. Mtu yeyote anayemeza fenitoini ya kifafa, au nifedipini na amlodipini za presha, akaona fizi zinakua na kufunika meno, naye aseme. Asiache dawa mwenyewe.

Namna ya kuswaki: uinamishe mswaki kama nyuzi 45 kuelekea kwenye fizi, nusu ya nywele kwenye jino nusu kwenye fizi, utetemeshe padogopadogo, usisugue kwa nguvu kama unayetoa masizi. Dakika mbili, mara mbili kwa siku. Magego ya nyuma kwa ndani ndiyo kila mtu huyaruka.

Fizi ikiendelea kutoa damu hata baada ya kusafishwa vizuri, au ikatoka bila kuguswa, na una uchovu au madoa ya damu kwenye ngozi, omba vipimo vya damu, kuna magonjwa ya damu yanayoanzia kuonekana kinywani. Kidonda kinywani kisichopona kwa wiki tatu kionwe. Na uso ukivimba, ukashindwa kumeza au kufungua mdomo, hiyo ni hospitali usiku huohuo.

Dawa ya kusukutua: kama ni klorheksidini, ina kazi nzuri kwa muda mfupi, kama wiki mbili baada ya kusafishwa. Haifiki chini ya mfuko, kwa hiyo kabla ya miadi itakuondolea harufu tu na kumficha daktari hali halisi. Ukiizoea inapaka meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha ya kila kitu. Na ukipewa, iachanishe na dawa ya meno kwa nusu saa, maana povu la dawa nyingi za meno linaipunguzia nguvu.